Mkono wa Kushoto wa Lecuona

Kwenye kasha la santuri hii jina Lecuona limeandikwa mara mbili: Lecuona Plays Lecuona. Anayepiga ni yeye, Ernesto Lecuona, mpiga piano wa Cuba, na vinavyopigwa kavitunga yeye. RCA Victor waliitoa miaka ya 1950, wakati santuri ndefu za mizunguko 33 kwa dakika zilikuwa bado kitu kipya na stereo haijaingia madukani. Piano moja, mtu mmoja, mono. Hamna bongo, hamna manyanga, hamna tarumbeta. Mwahidi mtu muziki wa Kilatini halafu umwekee hii, haitapita dakika atakuuliza bendi iko wapi.

Bendi iko mkono wa kushoto. Nitafika huko.

Niliipata Nairobi, kwenye kibanda cha santuri sokoni, imebanwa katikati ya Jim Reeves na Skeeter Davis. Anayeijua biashara hii hatashangaa. Hao wawili nao walirekodia RCA Victor, na mwenye kibanda hupanga mali yake kwa lebo, si kwa aina ya muziki. Nikaichomoa nikamwonyesha.

"Mzee, hii ni ya nini?"

"Hiyo ni kinanda tu. Hakuna mtu huuliza hiyo. Chukua pamoja na hizo zingine, tutaelewana."

Tukaelewana. Hizo zingine zilikuwa za rumba kutoka Kinshasa, na mpaka leo naona yeye alidhani ameniuzia rumba akaniongezea kinanda, na mimi nilidhani nimenunua kinanda nikapewa rumba.

Kasha lilikuwa limechanika mgongoni na kona zimeliwa, lakini sahani yenyewe ilikuwa nzito, mikwaruzo yake ya juu juu, mifereji imejaa vumbi jekundu. Wanaoanza kukusanya santuri huniuliza naoshaje, basi nitasema. Nunua yale maji safi ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, yasiyo na asidi. Tia tone moja la sabuni ya vyombo. Pitisha kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, usiikate hata siku moja, na lebo ya katikati isiguswe na maji. Suuza kwa maji yale yale, isimamishe ikauke. Ukifanya haraka utasikia haraka yako kila ukiipiga.

Jambo la pili ni hili la mono. Katika santuri ya mono mfereji huisukuma sindano kushoto na kulia tu. Ilipokuja stereo ndipo mfereji ukaanza kuipandisha na kuishusha vilevile. Sindano yangu ni ya stereo, kwa hiyo husoma kila kitu, pamoja na vumbi na makovu yanayoirusha juu, na yote huyageuza sauti. Lakini amplifaya yangu ya zamani ina kitufe cha mono ambacho kwa miaka sikukiona kina kazi gani. Ukikibonyeza, kelele ya juu na chini hujifuta yenyewe, piano husogea ikakaa katikati ya chumba, na sehemu kubwa ya mikwaruzo inapotea. Mwenye amplifaya yenye kitufe hicho asikidharau.

Haya, mwenyewe sasa. Ernesto Lecuona alizaliwa mwaka 1895 Guanabacoa, ng'ambo ya ghuba ya Havana. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari aliyetoka visiwa vya Canary, akafariki mtoto angali mdogo. Aliyemkalisha kwenye piano ni dada yake mkubwa, Ernestina, naye mpigaji na mtunzi kwa haki yake, ingawa kila anapotajwa hutajwa kama dada wa fulani. Ujanani Lecuona alipiga piano kwenye kumbi za sinema, enzi za picha zisizo na sauti, ambako mpigaji alipaswa kufuata pazia: farasi wakikimbia ukimbie, wapenzi wakikumbatiana upunguze. Nafikiri hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kweli. Ya rasmi aliimaliza pia, konsevatori ya Havana, na kwa sifa.

Guanabacoa si mji mkubwa, lakini angalia uliowazaa. Rita Montaner, mwimbaji aliyeutangaza wimbo wa Kikuba "El Manisero" kabla ya dunia kuujua, alizaliwa huko. Ignacio Villa, ambaye Wakuba wanamwita Bola de Nieve, mtu mweusi aliyeimba na kujipigia piano mpaka wasikilizaji wakasahau kunywa, alizaliwa huko huko mwaka 1911. Ni mji uliojulikana kwa dini zilizovuka bahari pamoja na watumwa, na ngoma za dini hizo zilisikika kupita kuta za nyumba. Mtoto wa Kizungu aliyekuwa akijifunza mizani ya piano sebuleni hakuhitaji kutoka nje kuzitafuta.

Wimbo ninaoutaka kwanza kwenye santuri hii unaitwa "La Comparsa". Lecuona aliutunga mwaka 1912, kijana ambaye hajafika hata miaka ishirini. Comparsa ni msafara wa wachezaji na wapiga ngoma unaopita mitaani wakati wa karnivali. Mizizi yake ni enzi za utumwa, hasa tarehe 6 Januari, Siku ya Wafalme, siku ambayo Waafrika wa Havana waliruhusiwa kushuka barabarani na ngoma zao, mavazi yao na wafalme wao. Mwaka mzima kazi na mijeledi, siku moja mji ni wao.

Kipande chenyewe ni kifupi na mpango wake mtoto anaweza kuusimulia. Msafara uko mbali. Unakaribia. Unapita mbele ya mlango wako. Unaondoka. Mkono wa kushoto unaanza peke yake, chini kabisa, na mdundo wa ngoma usiobadilika. Kisha mkono wa kulia unaleta sauti, na sauti ile ina huzuni kidogo, kama wimbo wa mtu anayecheza huku anakumbuka. Inapanda, inajaa, halafu inaanza kupungua, mpaka mwisho umebaki na ngoma tu inayokata kona.

Wapigaji wengi niliowasikia huupiga wimbo huu kwa mapenzi makubwa mno. Wanaweka pedali mpaka noti zinaogelea. Wanauchelewesha mkono wa kulia ili tusikie uzuri wa sauti, na mkono wa kushoto unausubiri. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu msafara haumsubiri mtu dirishani. Watu mia wanaocheza barabarani hawawezi kusimama ili mmoja avute pumzi.

Lecuona mwenyewe hasubiri. Kwa sikio langu anaupiga kwa wepesi, karibu kwa ukavu, kama mtu anayesema jambo analolijua na hana haja ya kulipamba. Mkono wa kushoto unatembea. Mkono wa kulia ndio unaocheza na muda: unatangulia nusu hatua, unabaki nyuma, unarudi kwenye mstari, lakini barabara chini yake haitikisiki. Waliomsikia jukwaani walikuwa wakiusifia mkono wake wa kushoto kwa nguvu zake. Kwenye santuri hii nguvu naisikia, ila kinachonishangaza zaidi ni utulivu. Unapiga kwa sauti ya chini bila kulegea, na hilo ni gumu kuliko kupiga kwa kishindo. Muulize mpiga ngoma yeyote.

Nilimpigia baba yangu mdogo wimbo huu alipokuja kututembelea. Ni mtu wa Morogoro, amecheza dansi enzi zake, na piano kwake ni kitu cha kanisani au cha hoteli. Alikaa akanyamaza. Baada ya muda nikaona vidole vyake vinagonga mkono wa kiti, na vilikuwa havifuati wimbo hata kidogo. Vilifuata besi.

"Baba mdogo, umeupenda?"

"Huyu bwana anapiga dansi," alisema, "lakini amekaa."

Sijasoma maelezo ya Lecuona yaliyonitosha kuliko hayo.

Kama unataka kuusikia mfumo wenyewe kabla ya kwenda kwenye piano, jaribu mezani. Hesabu moja mpaka nane, haraka na kwa usawa, urudie bila kusimama. Piga kofi kwenye moja, nne na saba tu. Makofi matatu yasiyogawa nane sawasawa: tatu, tatu, mbili. Baada ya mizunguko michache bega litaanza kusogea lenyewe. Mbegu hiyo imo ndani ya habanera, ndani ya danzon, ndani ya son, mitindo ya dansi ya Cuba, na ilitoka Afrika ikiwa mikononi mwa watu, kwa kuwa vitu vingine vyote walinyang'anywa. Lecuona anaigawa, anaificha, anaigeuza, ila ukiijua utaikuta inakungojea karibu kila kona ya upande wa santuri wenye wimbo huu.

Hapo ndipo panaponisumbua, na sitapapita.

Mwaka huo huo wa 1912, mashariki mwa Cuba, jeshi la serikali liliwashambulia wafuasi wa Partido Independiente de Color, chama cha raia weusi, wengi wao wakiwa wakongwe wa vita vya uhuru dhidi ya Hispania, waliokuwa wakidai wapewe nafasi katika nchi waliyoipigania. Waliuawa watu weusi kwa maelfu. Viongozi wao, Evaristo Estenoz na Pedro Ivonnet, waliuawa nao. Na baadaye, kwa miaka mingi, comparsa zenyewe zilipigwa marufuku katika mitaa ya Havana, hadi ziliporuhusiwa tena mwaka 1937. Maana yake ni kwamba palikuwa na wakati ambapo "La Comparsa" ilipigwa kwenye kumbi zenye mazulia na kushangiliwa, huku comparsa za watu wenyewe zikizuiwa na polisi nje.

Hilo simbebeshi kijana wa Guanabacoa peke yake. Wala sisemi wimbo usisikilizwe. Lakini naona ndiyo sababu namna yake ya kupiga ni muhimu. Piano ina hila ya kuisafisha ngoma: unaichukua kutoka barabarani, unaivisha suti, ikifika sebuleni haina jasho tena. Wanaoupiga wimbo huu kwa pedali nyingi na macho yaliyofumbwa wanaumalizia usafi huo. Mtunzi mwenyewe, angalau kwenye santuri hii, anaacha jasho lake. Baadaye aliuweka wimbo huo pamoja na vingine vitano katika mkusanyo alioupa jina Danzas Afro-Cubanas, na majina ya ndani yake hayazunguki: kuna ngoma ya Lucumí, ambalo ni jina la Wayoruba wa Cuba, na ngoma ya Ñáñigos, yaani wanachama wa Abakuá, chama cha siri ambacho asili yake ni upande wa Calabar, Nigeria. Kwa Mkuba mweupe wa wakati ule kutaja hivyo kwenye karatasi ya muziki lilikuwa jambo. Si jambo la kutosha, ila lilikuwa jambo.

"Malagueña" ndiyo inayojulikana zaidi, na ndiyo ninayoichoka upesi. Ni ya mwisho katika Suite Andalucía, vipande sita kuhusu Hispania: Córdoba, Andalucía, Alhambra, Gitanerías, Guadalquivir, halafu yenyewe. Inaanza chini kwa mapigo yanayoigiza gitaa, inapanda kwa ngazi, inalipuka. Kila mwanafunzi wa piano Marekani amewahi kuwasumbua majirani nayo. Bendi ya Stan Kenton iliijaza matarumbeta, Connie Francis akaiimba, na bendi za gwaride za vijana wanaipenda mpaka leo. Lecuona anaipiga kwa kasi kubwa na bila kuiheshimu sana. Nadhani alikuwa amekwisha ombwa kuipiga mara nyingi kuliko mtu yeyote anavyopaswa kuombwa kitu kimoja. Wapo wanaosema kasi ile ni majivuno. Mimi nasikia mtu anayetaka kufika kwenye wimbo unaofuata.

Hiyo "Andalucía" nayo ilipata maisha ya pili. Mwaka 1940 ilitiwa maneno ya Kiingereza ikaitwa "The Breeze and I", na bendi ya Jimmy Dorsey ikaisambaza. Wimbo wake "Siempre en mi corazón" uliteuliwa kuwania Oscar ya mwaka 1942, ukashindwa na "White Christmas", na kushindwa na huo hakumtii mtu aibu. Aliandika kazi zaidi ya 600: nyimbo, michezo ya kuigiza ya muziki kama María la O, vipande vya piano, muziki wa filamu. "Siboney" peke yake ingetosha kumlisha mtunzi mwingine mpaka kaburini. Mwaka 1943 alipeleka Rapsodia Negra yake Carnegie Hall, New York. Mwaka 1960, mwaka mmoja baada ya mapinduzi, aliondoka Cuba. Alifariki mwaka 1963 Santa Cruz de Tenerife, visiwani Canary, kwa watu wa baba yake, na akazikwa katika jimbo la New York. Cuba hakurudi.

Sasa turudi kwenye lebo. Santuri yangu ina yule mbwa anayesikiliza bomba la gramafoni. Wazee wa pwani yetu wanamjua mbwa huyo vizuri, kwa sababu ndiye aliyekuwa kwenye santuri za His Master's Voice, kampuni iliyomrekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928. Victor ya Marekani na HMV ya Uingereza zilikuwa ndugu: zilitumia alama moja na kubadilishana rekodi. Undugu huo ndio uliotuletea Cuba. "El Manisero" ya Don Azpiazú ilirekodiwa New York mwaka 1930 kwa ajili ya Victor. Mwaka 1933 HMV wakaanzisha mfululizo wa santuri wa kuuzwa Afrika, uliopewa herufi GV, na uliojaa son na rumba za Cuba zilizotolewa kwenye ghala la Victor. Zikashuka bandarini, zikapanda treni. Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilizisikia, na Brazzaville, na Dar es Salaam, na Nairobi.

Na Morogoro ilizisikia. Salum Abdallah alizipenda hivi kwamba inasimuliwa alitoroka kwao, akaenda Mombasa kutafuta meli ya kumfikisha Cuba. Meli hakuipata. Akarudi nyumbani, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akaunda bendi aliyoiita La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba. Baba mdogo alicheza kwa muziki wao. Kwa hiyo vidole vyake vilipoikamata besi ya Lecuona havikuwa vinabahatisha. Vilikuwa vinamjua mwenye nyumba.

Santuri hii ya piano, kwa kadiri ninavyoelewa soko la wakati ule, haikuletwa huku kwa ajili yetu. Waliotaka Cuba walitaka kucheza, na kinanda peke yake hakichezeshi ukumbi. Huenda ilifika kwenye begi la mgeni, ikaachwa alipohama, ikaangukia kwa Jim Reeves. Lakini nikiipiga halafu nikaweka moja ya zile za Kinshasa nilizopewa kama nyongeza, au kinyume chake, sioni kama nimebadilisha nchi. Nimebadilisha idadi ya watu chumbani. Gitaa la rumba linapofika kwenye sebene, yule wa pili, anayerudia rudia chini huku mwenzake wa solo akichachamaa juu, anafanya kazi ile ile ya mkono wa kushoto wa Lecuona, na hapati sifa kwa sababu ile ile.

Nimeona watu mtandaoni wakibishana kama rekodi hizi ni bora kuliko za wapiga piano wa siku hizi wenye vinanda vizuri zaidi na studio bora zaidi. Kwa sauti, hapana. Piano ya kwenye santuri hii ina besi nyembamba, na noti za juu zinapopigwa kwa nguvu zinatoa ukali kidogo. Kwa usafi wa vidole pia yupo atakayemzidi. Mpiga piano Thomas Tirino amerekodi kazi za piano za Lecuona kwa utaratibu na uangalifu ambao mtunzi mwenyewe hakuwa na subira nao. Na kama unataka kusikia "La Comparsa" ikipigwa na watu wenye ngoma damuni, watafute Bebo Valdés na mwanawe Chucho, wapiga piano wa Cuba, kwenye filamu ya Calle 54 ya mwaka 2000, baba na mwana, piano mbili zinatazamana. Wao wanauvuta zaidi, wanaupamba zaidi, na bado barabara haitikisiki. Hao nawasamehe kila pambo.

Ushauri wangu kwa atakayeipata santuri hii, au hata hizo rekodi zilizohamishiwa kwenye sidii na baadaye mtandaoni: usianze na "Malagueña". Itakuchosha masikio kabla hujajua unasikiliza nini. Anza na "La Comparsa", kisha Danzas zilizobaki, sauti ya redio iwe juu kidogo kuliko ulivyozoea ili besi isikike. Suite ya Hispania isikilize jioni nyingine. Na kama kuna mzee nyumbani, mwite, usimweleze chochote, umtazame vidole.